Wasomaji Wauliza: Tarakimu Zilizo Kando ya Jina la Mtafiti wa Saratani

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu machapisho ya watafiti wa saratani na namna yanavyopimwa, kwa hiyo tumezijibu pamoja. Katika majibu haya, "rejeleo" ni pale makala moja inapoitaja nyingine katika orodha yake ya marejeo.

Google Scholar inasema kipimo changu cha h ni 14, Scopus inasema 8, Web of Science inasema 6. Fomu ya kupandishwa cheo ina kisanduku kimoja. Nijaze ipi? Na mbona PubMed hainipi kipimo chochote?
*Mhadhiri, Parklands*

Zote tatu ni sahihi, maana kila moja ni hifadhidata ya makala na inahesabu kilichomo ndani ya kapu lake. Kipimo chenyewe kilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na unaweza kukipiga kwa kalamu. Panga makala zako kuanzia iliyorejelewa zaidi, uzipe nambari 1, 2, 3 ukishuka, na usimame pale ambapo nambari ya mstari inataka kuzidi marejeleo ya makala iliyo kwenye mstari huo; mstari wa mwisho kabla ya hapo ndio h yako. Mwenye makala tisa zilizorejelewa mara 45, 22, 14, 9, 7, 6, 4, 2 na 0 ana h ya 6, kwa sababu makala ya sita ina marejeleo 6 na ya saba ina 4 tu. Jumla yake ni 109. Kipimo cha i10, yaani idadi ya makala zenye marejeleo kuanzia 10, ni 3. Makala yake ya kwanza hata ingefikisha marejeleo 4,500, h ingebaki 6.

Sasa makapu. Google Scholar hukusanya karibu kila kitu chenye sura ya kitaaluma mtandaoni: tasnifu za wanafunzi, muhtasari wa makongamano, ripoti zilizo kwenye hazina za vyuo, makala ambazo bado hazijahakikiwa. Scopus huhesabu majarida yaliyopitishwa na jopo lake pekee, na kapu kuu la Web of Science ni dogo zaidi. Majarida mengi ya Afrika Mashariki hayamo katika hizo mbili. Mwenzako akikurejelea katika jarida linalopatikana kwa African Journals Online peke yake, Google italiona rejeleo hilo na nyingine hazitaliona. PubMed nayo ni katalogi ya makala za tiba, kazi ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Haikuundwa kupima watu.

Kabla ya kujaza fomu, hakikisha hesabu ni yako kweli, kwa maana hapa ndipo Wakenya wengi hupoteza au kupata visivyo vyao. Mwenye majina matatu huandikwa leo kwa jina la baba na herufi mbili, kesho kwa jina lake mwenyewe na herufi moja, na akiolewa huja jina la nne. Scopus humgawanya mtu huyo kuwa waandishi watatu. Kwa upande mwingine, waandishi wanaoandikwa Otieno P au Mwangi J ni wengi, na programu huwachanganya. Fuata mpangilio huu:

1. Chagua namna moja ya kuandika jina lako na usiibadilishe tena katika makala yoyote.
2. Fungua ORCID, kitambulisho cha mtafiti, ni bure. Utapewa nambari ya tarakimu 16. Ingiza makala zako kwa DOI, yaani nambari ya kudumu ya kila makala; ukizichapa kwa mkono makosa hayakosi.
3. Tafuta jina lako katika Scopus kwa kila namna lilivyowahi kuandikwa, kisha omba wasifu zote ziunganishwe. Huduma hiyo hailipiwi hata kama chuo chako hakina usajili.
4. Katika Google Scholar, zima mpango wa kuongeza makala zenyewe na uchague kuulizwa kwanza. Futa zisizo zako, unganisha makala moja iliyojitokeza mara mbili.

Kwenye fomu andika tarakimu pamoja na jina la hifadhidata na tarehe: "h = 8, Scopus," halafu siku uliyotazama. Ikiwa mwongozo wa chuo chako hautaji hifadhidata, andika ya Scopus na ya Google Scholar zote mbili. Tarakimu isiyo na chanzo haina maana, na mjumbe wa kamati anayejua kazi yake ataitilia shaka.

Natafuta msimamizi wa tasnifu yangu kuhusu saratani ya umio. Mmoja amerejelewa mara 11,000, mwingine mara 640. Rafiki zangu wananiambia hapo hakuna cha kuuliza. Ni kweli?
*Mwanafunzi wa uzamili, Ngara*

Cha kuuliza kipo, tena kingi. Tenga saa moja ufungue orodha ya kila mmoja. Chukua makala 20 zilizorejelewa zaidi, na kando ya kila moja andika mambo manne: idadi ya waandishi, nafasi ya huyo mtu, aina ya makala, na mwaka.

Anza na idadi ya waandishi. Mradi wa Global Burden of Disease, unaoratibiwa kutoka Seattle, umetoa makala za saratani zenye waandishi mamia, na baadhi yao ni watu wa hapa nchini. Kushiriki ni heshima na ni kazi halali, lakini kila mmoja hupata marejeleo yote kamili katika hesabu yake. Ikiwa makala mbili za namna hiyo zinabeba 9,800 kati ya zile 11,000, kazi zake nyingine zote zimerejelewa mara 1,200. Ziweke kando kwa muda na ulinganishe upya. Kisha gawanya kwa miaka: 1,200 ndani ya miaka 30 ni 40 kwa mwaka, na 640 ndani ya miaka minane ni 80 kwa mwaka.

Nafasi ya jina ina lugha yake katika tiba. Wa kwanza ndiye aliyefanya kazi nyingi na kuandika rasimu, wa mwisho kwa kawaida ndiye aliyeongoza kikundi na kutafuta fedha. Wewe kama mwanafunzi tafuta jambo moja mahususi: makala ambazo msimamizi yuko mwisho na mwanafunzi wake wa zamani yuko mwanzo. Zihesabu. Kisha angalia pengo kati ya mwaka mwanafunzi alipohitimu na mwaka makala ilipotoka. Msimamizi mwenye marejeleo mengi na asiye na hata moja ya hizo huenda amekuwa akitumia wanafunzi kukusanya data tu. Kwa maoni yetu kipengele hiki kina uzito kuliko vingine vyote kwako.

Aina ya makala hupotosha sana. Makala za mbinu hurejelewa kupita kiasi kwa sababu kila atumiaye mbinu hulazimika kuzitaja. Makala iliyorejelewa zaidi katika historia ya sayansi, ile ya Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini, na imepita marejeleo 300,000. Mchoro wa ngazi unaoonyesha wagonjwa waliobaki hai, unaouona katika karibu kila jaribio la dawa za saratani, unatokana na makala ya Kaplan na Meier ya mwaka 1958. Mapitio, yaani makala zinazofupisha tafiti za wengine, pia huvuna marejeleo mengi bila data mpya hata moja.

Halafu kuna ukubwa wa uwanja. Wanaoandika juu ya saratani ya matiti duniani ni wengi mno, na makala ya wastani hapo hurejelewa upesi. Saratani ya umio ya aina ya seli bapa, inayosumbua ukanda wa mashariki mwa Afrika kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, ina waandishi wachache. Kulinganisha watafiti wa nyanja hizo mbili kwa tarakimu ghafi ni kulinganisha duka la Gikomba na la Marsabit kwa idadi ya wapita njia. Tumia iCite, kifaa cha bure cha Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Bandika nambari za PubMed za makala zake, nacho kitakupa uwiano uliorekebishwa kwa uwanja na mwaka. Uwiano wa 1.0 ni makala ya katikati kabisa miongoni mwa zilizofadhiliwa na taasisi hizo, na 2.0 ni mara mbili yake. Makala za mwaka huu na uliopita ziache, marejeleo yake ni machache mno kukupa jibu.

Mwisho, tafuta jina lake pamoja na neno la Kiingereza la makala iliyobatilishwa, "retracted," katika PubMed. Ukikuta moja, soma sababu. Mtafiti aliyegundua kosa lake na kuiondoa makala mwenyewe ni mtu wa kuaminiwa, na picha za maabara zilizorudiwarudiwa ni jambo lingine kabisa. Usidhani marejeleo mengi yangekuwa yamekwisha kuchuja hayo. Mwaka 2012 wanasayansi wa kampuni ya Amgen waliripoti kwamba kati ya tafiti 53 mashuhuri za saratani walizojaribu kuzithibitisha maabarani, 6 tu ndizo zilizothibitika. Baadhi ya zilizoshindwa zilikuwa zimerejelewa mamia ya mara.

Mama ana saratani ya matiti. Tumeelekezwa kwa daktari mmoja, lakini binamu yangu amemtafuta mtandaoni na kusema hana machapisho. Tubadilishe?
*Msomaji, Kasarani*

Pole kwa kuuguza mama. Msibadilishe kwa sababu hiyo. Marejeleo huonyesha jinsi watafiti wengine wanavyotumia maandishi ya mtu, na hayagusi jinsi anavyopasua au anavyopanga dozi. Wapo wenye machapisho 200 ya seli za maabarani ambao hawajamtibu mgonjwa kwa miaka.

Tazameni katika rejista ya mtandaoni ya Baraza la Madaktari, KMPDC, kama leseni yake ni ya mwaka huu na kama anatambuliwa kuwa bingwa wa fani anayodai. Kisha mwulizeni yeye mwenyewe: majibu ya kipande cha uvimbe yanaonyesha nini kuhusu vipokezi vya homoni, yaani ER na PR, na kuhusu protini ya HER2? Je, hali ya mama imejadiliwa na jopo la mpasuaji, daktari wa dawa za saratani na wa mionzi pamoja? Asiyekuwa na majibu ya HER2 na tayari anapanga matibabu ya miezi sita anahitaji kuulizwa zaidi.

Machapisho yatawafaa ikiwa mnatafuta jaribio la dawa mpya. Hapo tafuteni katika ClinicalTrials.gov na katika Pan African Clinical Trials Registry, mkichuja kwa Kenya na kwa majaribio yanayopokea washiriki sasa. Jaribio lolote linalofanyika hapa lazima liwe na idhini ya kamati ya maadili, ya Bodi ya Famasia na Sumu, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti. Ombeni kuziona. Mshiriki hauziwi dawa inayojaribiwa.

Tumechapisha makala kuhusu visa vya saratani vilivyosajiliwa jijini kwa miaka mitano. Kuikusanya data hiyo kulituchukua miaka mitatu. Marejeleo ni 4. Mwenzetu aliyeandika mapitio kwa miezi miwili ana 60. Tumekosea wapi?
*Mfanyakazi wa sajili ya saratani, Nairobi*

Kazi yenu haina kosa, na tungependa wanaotoa ufadhili wasome jibu hili. Sajili ya saratani ya Nairobi ilianzishwa katika taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, mwaka 2001, na wasiowahi kuifanya kazi hii hawajui ilivyo. Msajili hupita faili kwa faili wodini, maabara kwa maabara, hadi rekodi za vifo. Kila uvimbe hupewa msimbo wa mahali ulipo na wa aina ya seli. Kisha hutafutwa waliojirudia: mgonjwa aliyepimwa hospitali moja, akapasuliwa ya pili, akapata mionzi ya tatu, majina yake yakiandikwa kwa mpangilio tofauti kila mahali. Asipogunduliwa huhesabiwa kuwa wagonjwa watatu.

Takwimu hizo hupitia mtandao wa sajili za Afrika, AFCRN, hadi Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani mjini Lyon, Ufaransa, ambalo hutoa GLOBOCAN, makadirio ya saratani duniani. Muhtasari wake huchapishwa katika jarida CA: A Cancer Journal for Clinicians. Matoleo ya muhtasari huo yamerejelewa makumi ya maelfu ya mara, kwa kuwa kila anayeandika aya ya kwanza ya makala ya saratani popote duniani anahitaji tarakimu ya kuanzia. Makala kama hizi ndizo zilizokifanya kipimo cha athari cha jarida hilo, yaani wastani wa marejeleo kwa kila makala yake, kiwahi kupita 500. Tarakimu zenu zimo humo ndani, jina lenu halimo. Ni kama maji ya bwawa la Ndakaini: anayefungua bomba Eastleigh hamjui aliyelinda chanzo.

Mnayoweza kurekebisha ni haya. Kichwa cha makala kitaje mahali, aina ya saratani na miaka, maana mtafutaji huandika "Nairobi" na "umio," haandiki "mzigo wa magonjwa." Wekeni jedwali la viwango vilivyosawazishwa kwa umri, kwa jinsia na kwa makundi ya miaka mitano mitano, mwandishi wa mapitio akikuta asilimia tupu hana cha kutumia, atakwenda kwa mwingine. Toeni pia asilimia ya visa vilivyothibitishwa kwa darubini na ya vilivyojulikana kwa cheti cha kifo pekee, kwa sababu wajuzi huzitazama hizo kwanza kabla ya kuamini chochote.

Jedwali lenyewe lipakieni Zenodo, hifadhi ya bure ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, lipate DOI yake na liweze kurejelewa peke yake. Pakieni jumla tu, kamwe si rekodi za mtu mmoja mmoja. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu, na hata jedwali linaweza kumfichua mgonjwa: kisanduku chenye watu chini ya watano kiunganisheni na cha jirani.

La muhimu kuliko yote, kabla ya kumpa mtu yeyote data tena, andikeni makubaliano. Nani atakuwa mwandishi, kwa masharti manne ya kamati ya wahariri wa majarida ya tiba: kuchangia muundo au data, kushiriki kuandika au kusahihisha, kuidhinisha toleo la mwisho, na kuwajibika kwa yaliyomo. Wasiotimiza yote waorodheshwe kama washirika, na PubMed huweza kuonyesha majina hayo. Pia iandikwe kwamba makala yenu ya asili itarejelewa. Mkingoja rasimu ifike ndipo mdai, mmechelewa.

Na hesabuni matumizi yasiyo marejeleo. Utafiti wa KEN SHE, uliofanywa Kisumu, Thika na Nairobi kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ulionyesha kwamba dozi moja ya chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilikinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya maambukizi sugu ya aina za 16 na 18 katika miezi 18. Makala ilitoka mwaka 2022, na mwaka uleule Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja. Hakuna kipimo cha h kinachoonyesha hilo. Tarakimu zenu zikitajwa katika mpango wa saratani wa kaunti au mwongozo wa wizara, wekeni jina la waraka, ukurasa na mwaka katika faili moja. Kwa ombi la ufadhili, kurasa tatu za namna hiyo zina uzito kuliko marejeleo 60.

Jarida fulani limeniandikia likiahidi kuchapisha makala yangu ya saratani ya tezi dume ndani ya siku tano kwa dola 250. Linadai kipimo cha athari cha 6.8. Nitume?
*Mkazi wa Rongai*

Usitume. Uhakiki wa wataalamu wawili haumaliziki kwa siku tano.

Kipimo cha athari halisi hutolewa na Clarivate, kampuni yenye Web of Science. Cha mwaka 2024, kwa mfano, ni marejeleo yaliyotolewa mwaka 2024 kwa makala za jarida za 2022 na 2023, yakigawanywa kwa idadi ya makala hizo. Wapo wanaouza vipimo vyenye majina yanayofanana. Tafuta jarida katika Master Journal List ya Clarivate, katika DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure, ikiwa ni la namna hiyo, na katika katalogi ya NLM, ile Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, uone kama limo MEDLINE, orodha yake ya majarida iliyoyachagua. Linganisha ISSN, yaani nambari ya utambulisho ya jarida, na anwani ya tovuti herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli huiga majarida ya kweli. Kuonekana Google Scholar si ushahidi wa lolote.

Majarida mengi halali yanayotoza ada huwapunguzia au kuwasamehe watafiti wa nchi zetu, lakini omba siku unapotuma. Ukishakubaliwa wengi hawasikilizi. Kwa aliyekwisha kutuma kwa tapeli: ondoa makala kwa maandishi, usitie saini ya kuhamisha hakimiliki, usilipe "ada ya kujiondoa," na uhifadhi barua pepe hizo. Jarida la pili litauliza kama makala iko mahali pengine.

Chuo chetu kimetangaza kwamba mtafiti wetu wa saratani yumo katika asilimia 2 ya juu ya wanasayansi duniani. Orodha hiyo hutengenezwaje?
*Msomaji, Kikuyu*

Hutengenezwa kwa data ya Scopus na kikundi cha John Ioannidis wa Chuo Kikuu cha Stanford, na imekuwa ikitolewa tangu 2019. Alama yake inachanganya vipimo sita, vikiwemo marejeleo ya makala ambazo mtu ni mwandishi pekee, wa kwanza au wa mwisho, kwa hiyo kuwa mwandishi wa 212 katika mradi mkubwa hakumbebi mtu sana. Huo ni uboreshaji wa kweli.

Ulizeni ni jedwali lipi, kwa kuwa yapo mawili: la maisha yote ya kazi na la mwaka mmoja. Kuingia la pili ni rahisi zaidi kwa kijana, na mtu anaweza kutoka mwaka unaofuata. Fungueni faili lenyewe, ni la bure, mlinganishe nafasi yake pamoja na marejeleo ya kujirejelea na bila hayo; safu zote mbili zimo. Anayestahili kuwamo na hayumo atazame kwanza kama jina lake limegawanyika katika Scopus, kama tulivyoeleza juu. Marekebisho yakifanywa baada ya data kuchukuliwa, yatasubiri toleo lijalo.